Nilikosea Uji wa Shosho

Shosho alipoanza matibabu alipata vidonda mdomoni, akawa hawezi kumeza kitu kizito. Uji mwepesi ulipita, lakini uji mwepesi ni maji tu, na kilo zilikuwa zinaisha. Mtu wa lishe akatuonyesha ujanja: pika uji mzito, epua, uache upoe kiasi, kisha koroga kijiko cha unga wa kimea, yaani wimbi iliyooteshwa ikakaushwa. Manze, dakika chache tu uji unalegea, na unga wote bado uko ndani.

Siku yangu ya kupika nilikuwa na haraka. Nikatia kimea uji ukitokota. Wapi! Nikaongeza, ukakaa tu kama gundi. Shosho akajaribu vijiko viwili, akageukia ukuta. Aki niliskia vibaya.

Kumbe kinachokatakata wanga ni enzaimu, inaitwa amilesi. Ni protini iliyokunjwa vizuri, na moto wa kuchemka huikunjua. Ikishaharibika hivyo, kupoza uji hakusaidii. Shuleni tulifunzwa hiyo, na mimi nikaibeba kama sheria ya enzaimu zote.

Si zote. Mwaka wa 1979, watafiti ndani ya nyambizi Alvin, huko Pasifiki karibu na Meksiko, zaidi ya mita 2,500 chini, waliona kitu kama moshi mweusi kikitoka sakafuni mwa bahari. Hayo yalikuwa maji ya zaidi ya nyuzi 350, na hayachemki kwa sababu bahari yote imeyakalia. Pembeni mwa matundu kama hayo, penye nyuzi 80 na kuendelea, huishi vijidudu vya jamii ya Thermococcus, na wako sawa tu. Amilesi yao imeshikana kwa nguvu, inakata wanga kwenye moto ulioua yangu.

Viwanda vya kugeuza mahindi kuwa ethanoli vina shida ileile ya sufuria yangu: wanga ukipikwa unakuwa gundi. Ndo maana walichukua jeni za vijidudu hao, wakaziweka kwa bakteria rahisi kufuga ili watengeneze hiyo enzaimu kwa wingi. Poa sana. Ila inaniuma kidogo kwamba akili yote hiyo ilikimbilia tanki la gari kwanza. (Sisemi tuitie kwa uji. Kimea kinatosha, bora mpishi awe na subira.)

Siku hizi nasimama kando ya sufuria kama askari. Shosho huuliza nangoja nini, namwambia moto ushuke. Jana alimaliza kikombe, akalalamika sukari ni kidogo.