Shauri la Kilima

Wazee walisema: Aliye juu mngoje chini. Mithali hiyo yatufaa leo, maana twataka kunena juu ya shauri moja linalowagombanisha wachezaji wengi. Katika mchezo wa mapigano unaochezwa mezani, je, aliyesimama kilimani apewe nguvu kuliko aliye bondeni?

Kwanza tueleze mchezo wenyewe, maana si wasomaji wote wanaoujua. Unaitwa Dungeons & Dragons; Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani waliutoa mwaka 1974. Watu wachache hukaa pamoja mezani. Mmoja ni mwongozi: ndiye anayeeleza nchi, adui na hatari, tena ndiye mwamuzi. Wengine kila mmoja hujifanya mtu fulani, labda askari, labda mpiga mishale, na husema atakalotenda. Ikiwa jambo lina mashaka, kama kumpiga adui, hutupa dadu yenye pande 20. Akipata hesabu ya kutosha, amepiga, asipoipata, amekosa.

Sasa mpiga mishale asema: «Napanda juu ya mwamba, nipige toka huko.» Mwongozi ampe nini? Vitabu vya mchezo huu havikupatana. Toleo la tatu, la mwaka 2000, liliongeza 1 kwa mwenye upanga apigaye toka mahali pa juu. Mpiga mishale hakuongezewa kitu. Toleo la tano, la mwaka 2014, halikuweka amri ya kumwongezea yeyote kwa ajili ya kilima. Halafu kampuni ya Larian, ya mji wa Ghent kule Ubelgiji, ilitengeneza mchezo wa kompyuta ulioshika msingi wa toleo hilo la tano. Ndio Baldur's Gate 3, uliotoka mwaka 2023. Humo apigaye toka juu huongezewa 2, naye apigaye toka chini hupunguziwa 2.

Wapendao kilima wana haki kwa sehemu. Aliye juu aona mbali, apandaye huchoka, jiwe huteremka lenyewe, halipandi. Tarehe 3 Julai 1863, kule Gettysburg, Marekani, askari wa Kusini kama 12,500 walivuka uwanja wazi kwenda kushambulia mwinuko uliokuwa mikononi mwa jeshi la Kaskazini. Waliangushwa kwa wingi, wakarudishwa nyuma.

Walakini tutazame na Majuba, Afrika ya Kusini. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Februari 1881, Jenerali Colley alikipanda kilele cha mlima huo pamoja na askari wa Kiingereza karibu 400. Walikuwa juu kabisa, lakini hawakuchimba mahandaki, na kila aliyesimama ukingoni alionekana wazi, mbingu nyuma yake. Makaburu wakapanda polepole, wakijificha nyuma ya mawe, wakipita mahali ambapo wa juu hawakuweza kuwaona. Waingereza zaidi ya 90 walikufa, na Colley mwenyewe kati yao. Makaburu waliokufa walikuwa wachache mno. Kilima kilikuwa kilekile asubuhi na mchana; kilimsaidia nani?

Kwa hiyo sisi twaona hivi: kilima kisipewe hesabu ya daima. Tufanye hesabu kidogo. Mtu anayehitaji 11 au zaidi hupiga mara 10 katika 20. Akiongezewa 2, hupiga mara 12. Waongozi wengine humpa aliye juu ruhusa ya kutupa dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Huyo hupiga mara 15 katika 20! Basi nani atakubali kubaki chini? Wote watakimbilia mwamba kila siku, na hakuna atakayefikiri habari ya kamba, moshi, hila au mapatano. Naye mwenye upanga na mavazi mazito ya chuma, asiyeweza kupanda, atakaa bure. Tumepata kukaa kwenye meza za namna hiyo. Mwenzetu mmoja alitupa dadu mara mbili tu jioni nzima. Juma lililofuata hakuja. Mchezo unaompoteza rafiki umepata hasara kubwa kuliko vita yoyote ya mezani.

Basi mwongozi afanyeje? Aulize maneno matatu. La kwanza: huyu aliye juu aona nini ambacho wa chini hawaoni? La pili: ana kitu gani mbele yake? Ukingo wa mwamba ukimficha nusu ya mwili, kanuni za 2014 zampa kinga ya 2. Ukimficha robo tatu, 5. La tatu: adui atamfikia kwa njia gani? Kanuni hizohizo zasema kupanda ukuta hula mwendo mara mbili. Hivyo mwamba mzuri watoa msaada mkubwa bila amri mpya. Lakini akisimama wazi kama askari wa Majuba, wapiga mishale wote wa adui na wamwone.

Pengine msomaji atasema: «Maswali mengi huchelewesha mchezo, hesabu moja ni nyepesi.» Ni kweli. Kwa wanaoanza kujifunza, 1 ile ya mwaka 2000 yatosha, maana ni ndogo, haiharibu kitu. Ila mwongozi aitangaze kabla ya kuanza, na adui wapate sawasawa na wachezaji. Akiitoa kwa huyu leo na kumnyima yule kesho, watu watagombana, wala hawatagombania kilima tena. Watagombania haki yake yeye mwamuzi.

Nanyi mnaocheza, kabla ya kupanda mwamba jiulizeni mtashukaje. Aliye bondeni naye ana akili, tena ana wakati wa kungoja.