Gereza: Neno Lililotoka Ngomeni

Katika somo la maneno ya mkopo, neno 'gereza' hupewa mstari mmoja tu. Mhadhiri huandika ubaoni kwamba asili yake ni Kireno, *igreja*, yaani kanisa. Kisha hufuata meza, bendera, leso na karata, na somo likasonga mbele. Mwanafunzi huinakili orodha hiyo na kuikariri kwa ajili ya mtihani. Ni nadra asite kujiuliza swali lililojificha katika mstari ule: iweje nyumba ya ibada igeuke nyumba ya pingu? Meza ilibaki meza, na bendera ikabaki bendera. Gereza peke yake ndilo lililobadilika kiasi hiki. Waama, neno halibadiliki hivyo bila sababu, na sababu ya neno hili haimo kamusini. Imo katika mawe ya pwani.

Miongoni mwa mawe hayo, yanayojulikana zaidi ni yale ya Ngome ya Yesu, au Fort Jesus, mjini Mombasa. Ujenzi wake ulianza mwaka 1593, Wareno walipoamua kuuweka mji uliowasumbua kwa karibu karne nzima chini ya mizinga yao. Mchoraji wa ramani yake alikuwa Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano aliyewatumikia Wareno huko Goa. Aliichagua miamba ya matumbawe iliyochomoza penye mlango wa bandari, mahali ambapo mkono wa bahari huingia kukizunguka kisiwa. Hapana chombo kilichoweza kuingia bandari ile ya kale bila kupita mbele ya mizinga.

Umbo lake halikuwa la kubahatisha. Katika zama hizo mzinga ulikuwa umebatilisha kuta ndefu nyembamba za kale. Kwa hiyo Cairati alijenga kuta nene, akaweka buruji nne pembeni, zikiwa na ncha zilizochongoka. Kila buruji ilimwezesha mlinzi wake kuupiga risasi ukuta wa jirani yake, ili adui asipate pembe ya kujificha. Upande wa bara likachimbwa handaki mwambani. Anayeitazama ramani ya ngome hii kutoka juu huona kama mtu aliyelala, kichwa kikielekea baharini. Na ndivyo wajenzi wa zama zile walivyoamini, kwamba mwili wa binadamu ndio kipimo cha uzuri wa jengo. Hapa ipo kejeli isiyohitaji mshairi kuitunga: jengo lililoigwa kwa mwili wa binadamu lilikusudiwa kuvunja miili ya binadamu.

Ndani ya kuta hizo lilikuwamo kanisa. Ibada na baruti zilikaa ua mmoja, nyuma ya lango moja. Aliyeyajua yote mawili kwa undani ni Yusuf bin Hassan, mwana wa Sultani wa Mombasa. Baba yake aliuawa mwaka 1614 baada ya kukosana na Wareno, naye mtoto akapelekwa Goa, akasomeshwa na mapadri, akabatizwa kwa jina la Jerónimo. Alirudishwa Mombasa kutawala akiwa Mkristo na rafiki wa taji la Ureno. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akarudia jina lake na dini ya babu zake. Wakristo wengi mjini, Wareno na Waafrika, waliuawa siku zile. Mwaka uliofuata aliiacha ngome na kuondoka baharini, nao Wareno wakarejea. Kwake yeye, je, jengo lile lilikuwa kanisa au lilikuwa kifungo? Labda yeye ndiye wa kwanza ambaye maana zote mbili zilimkaa kifuani kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, lingekuwa kosa kuisimulia ngome hii kana kwamba wageni walikuwa ndani na wenyeji nje. Mwezi Machi 1696 majeshi ya Oman yaliizingira, na mzingiro huo ukadumu takriban miezi 33. Wengi wa waliojifungia ndani walikuwa watu wa pwani hii. Maradhi yalipowafyeka walinzi mwaka 1697, hata kapteni Mreno akafa, uongozi uliangukia mikononi mwa Bwana Daud, kijana wa ukoo wa watawala wa Faza. Kwa muda, ngome ya mfalme wa Ureno ilishikiliwa na Mswahili. Ilianguka Desemba 1698, nusura ikiwa imebaki tupu. Walioingia humo kutafuta usalama walizuiwa na kuta zile zile zilizowalinda. Tofauti baina ya ngome na kifungo ikawa ni upande gani komeo limetiwa.

Baada ya Wareno kuondoka, neno lao lilibaki. Huko Kilwa Kisiwani, jengo linaloitwa Gereza hadi leo ni ngome. Huko Unguja, Waomani walijenga Ngome Kongwe mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, nayo pia ikaitwa Gereza. Katika karne ya 19 ilitumiwa kuwafungia watu. Safari ya neno inaonekana wazi: kanisa, ngome, kifungo. Mombasa nayo ilifuata njia hiyo. Kuanzia 1895, chini ya Waingereza, Ngome ya Yesu ilifanywa jela rasmi, ikabaki hivyo hadi 1958. Miaka miwili baadaye ilifunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO ikaiorodhesha katika Urithi wa Dunia.

Mjenzi hulipa jengo jina kwa kadiri ya nia yake. Anayelitazama kutoka nje hulipa maana kwa kadiri ya analoliona. Wareno waliliita jengo lao kwa jina la Yesu, na nyumba iliyomo ndani wakaiita *igreja*. Wenyeji walilichukua neno, wakalitamka kwa ulimi wao, kisha wakaliachia wakati ulijaze. Hawakuandika shutuma wala waraka. Walisema tu 'gereza', vizazi kwa vizazi, na hukumu ikatimia.

Ndiyo maana mstari mmoja ubaoni hautoshi. Orodha ya maneno ya mkopo hufundishwa kama daftari la madeni: hili tulipewa na Mwarabu, lile na Mreno. Lakini anayekopa neno na kulirudisha likiwa na maana nyingine si mdeni, ni shahidi. Leo kanisa la ngomeni limebaki misingi tu, na watalii huipita wakielekea kwenye mizinga. Mwanafunzi wa Kiswahili akifika hapo, na asimame kidogo. Chini ya miguu yake pana neno analolitumia kila siku, nalo bado linatoa ushahidi.