Oili ya Pikapu, Kutoka Mafinga Hadi Mwanjelwa

Katika miaka ya 1980, pale Mafinga, mwenye gari hakuuliza oili ipi inafaa. Aliuliza kama ipo. Nchi ilikuwa imetoka kwenye Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 ikiwa haina fedha za kigeni, mafuta yalikuwa ya kutafuta kwa kibali, na magari ya watu binafsi yaliwahi kupigwa marufuku kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Kilichotukera zaidi sisi wa kandokando ya barabara ya Zambia ni kwamba mafuta yalikuwa yanapita hapa hapa ardhini. Bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilianza kazi mwaka 1968, na miaka hiyo ya 1980 lilikuwa linapeleka mafuta ghafi Ndola, Zambia, nalo limekatiza mikoa ya Iringa na Mbeya. Mafuta ghafi hayaingii kwenye injini, najua, lakini nenda kamweleze hivyo mtu aliyelaza gari wiki nzima kwa kukosa galoni moja ya oili.

Baba mdogo, aliyenilea wakati nasoma, alikuwa na pikapu ya Toyota Hilux yenye injini ya dizeli ya 2L. Aliipata kwenye mnada wa mradi mmoja uliofunga shughuli zake. Ilibeba mbao za Sao Hill, magunia ya viazi, ulanzi, maharusi na misiba. Oili yake ilikuwa namba 40, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Ilikuja kwenye pipa, ikapimwa kwa kopo, na nyingine tuliuziwa na madereva wa malori yaliyokuwa yakienda Zambia. Hakuna aliyesoma maandishi ya ubavuni mwa pipa. Baba mdogo aliichovya kidole, akaisugua kwa dole gumba, ikivutana akasema, "Hii ndiyo yenyewe." Uzito ndio uliokuwa kipimo cha ubora, na wazee wote wa barabarani walikubaliana naye.

Kumwaga oili kulikuwa anasa. Tuliongeza tu. Kijiti kikionyesha chini tulijaza, kikionyesha juu tuliondoka, na filta ilibadilishwa siku ikipatikana. Injini zile za zamani zilivumilia mengi. Haikuwa kwa sababu oili ile ilikuwa bora. Zilitengenezwa zikiwa na nafasi kubwa kati ya vyuma, zikazunguka taratibu, na hazikuwa na turbo. Wazee waliuona uvumilivu huo wakadhani ni sifa ya namba 40. Imani hiyo ingalipo mpaka leo, na sehemu kubwa ya ninayoyaandika hapa ni ugomvi wangu na imani hiyo.

Mwezi wa Juni na Julai ndipo namba 40 ilipotoa siri yake. Wanaoifahamu Mafinga, Makambako na Njombe wanajua baridi ya alfajiri za huko, zile ambazo majani huamka na sakitu. Baba mdogo aliegesha pikapu kwenye mteremko kila jioni. Asubuhi aliingiza jiko la mkaa chini ya sampu, akanituma nikae pale niangalie moto usipande kwenye nyaya, na yeye akaenda kunywa chai. Oili ikishalegea, tulilisukuma gari. Likiwaka lilitoa moshi mweupe na makelele ya vyuma, kisha baada ya muda likatulia. Makelele yale tuliyazoea tukaona ndiyo sauti ya gari la dizeli.

Kumbe ilikuwa sauti ya vyuma vinavyosagana vikiwa vikavu. Namba 40 ni kipimo cha uzito wa oili ikiwa imepata moto wa nyuzi 100. Haisemi chochote kuhusu hali yake ikiwa ya baridi. Kwenye baridi ya Uheheni inakuwa nzito mno, pampu inahangaika kuivuta kutoka kwenye sampu, na kamshafti kule juu inazunguka bila kulainishwa mpaka oili ifike. Injini huchakaa sana nyakati hizo za kuwaka, kuliko hata inapopanda mlima na mzigo. Watu wa Dar es Salaam, ambako usiku wenyewe una joto, waliweza kuishi na namba 40 miaka na miaka. Sisi tuliiga ya pwani kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 1,500.

Lakini nyanda zetu za juu si baridi tupu, na hapo ndipo jambo linaponoga. Pikapu ya baba mdogo ilitoka Mafinga alfajiri ikitetemeka, ikapita Iringa na Ilula, ikashuka mlima wa Kitonga, na kabla ya saa sita ilikuwa Ruaha Mbuyuni, kwenye mibuyu na vitunguu na joto la kuvua shati. Jioni ilipandisha Kitonga hiyo hiyo kwa gia ya pili, wakati mwingine ya kwanza, mshale wa joto ukipanda na utingo akiwa ameshika dumu la maji tayari. Oili iliyogoma kutiririka alfajiri ndiyo hiyo hiyo iliyotakiwa isiwe maji mlimani jioni. Gari la Kyela linafanya kazi kwenye joto na la Makete kwenye baridi. La Iringa hadi Ruaha Mbuyuni hufanya kazi zote mbili siku moja.

Jibu la tatizo hilo lilikuwepo duniani tangu kabla sijazaliwa, ila kwetu lilifika biashara ilipolegezwa na maduka ya vipuri yakajaa. Mimi nililikuta Mbeya, nilipohamia kufundisha katikati ya miaka ya 1990 na baadaye nikanunua pikapu yangu, Hilux ya injini ya 3L. Fundi wangu alikuwa pale Mwanjelwa. Mtu wa maneno machache, na mikono ambayo haikuwahi kutakata. Mara ya kwanza nilipompelekea galoni yangu ya namba 40 aliitazama, akaiweka pembeni.

"Mwalimu, hii kaoshee mbao."

Akanionyesha dumu lililoandikwa 15W-40. Akaeleza kwamba namba ya kwanza, ile yenye W, inasema oili inavyokwenda kwenye baridi, na kadiri ilivyo ndogo ndivyo inavyowahi kufika juu. Ya pili ni ile ile 40 ya baba mdogo, yaani uzito wake ikishapata moto. Kwa hiyo dumu moja lilikuwa na tabia mbili, wepesi wa alfajiri ya Uyole na uzito wa kupanda Kitonga. Nilimwuliza kama haitavuja. Akasema ikivuja, imekuonyesha sili iliyokufa, haikuiua yenyewe.

Nilipoiweka, baada ya safari chache ikawa nyeusi tii. Nilirudi kwake nikilalamika kwamba nimeuziwa oili mbovu. Alicheka. "Oili ya dizeli isipokuwa nyeusi, inafanya kazi gani humo ndani?" Alikuwa sahihi. Oili za kisasa zina viambato vya kusafisha. Zinaokota masizi na kuyashika yakielea mpaka siku ya kumwaga, wakati namba 40 yetu ya zamani iliyaacha yagande kwenye kuta za injini, yenyewe ikabaki inapendeza kwenye kijiti. Na huku kwetu masizi ni mengi kuliko pwani. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na turbo inapokea mafuta yale yale lakini hewa pungufu. Hayaungui yote. Moshi mweusi unaouona kwenye pikapu kuukuu zikipanda Mlima Nyoka unatokana kwa sehemu na hilo, na sehemu ya masizi hayo inapita pembeni mwa ringi za pistoni inaangukia kwenye oili.

Kitu cha pili alichonifundisha ni herufi. Kwenye dumu, chini ya alama ya API, ya Wamarekani, huwa kuna herufi mbili au zaidi. Zinazoanza na S ni za injini ya petroli, zinazoanza na C ni za dizeli, na inayofuata inasema kizazi. CD ni ya zamani, CF-4 ilikuja mwaka 1990, CI-4 ikaja 2002, na vizazi vimeendelea. Dumu lenye herufi zote mbili linafaa pande zote, ila kwa pikapu ya dizeli tazama hiyo C kwanza. Nimeona watu wenye elimu zao wakibishana kuhusu kampuni gani ina oili nzuri, huku dumu walilolishika ni la injini ya petroli. Mashabiki wa mpira hawabishani hivyo.

Halafu dizeli yenyewe ikabadilika. Ile ya zamani ilikuwa na salfa nyingi. Salfa ikiungua na kukutana na unyevu inazaa asidi, asidi inaingia kwenye oili, na oili inatumia akiba yake ya viambato kuizima. Akiba ikiisha, beringi zinaanza kuliwa. Ndiyo maana mafundi wetu walishikilia kilomita 5,000 na hawakutaka kusikia hadithi za 10,000 zilizoandikwa kwenye vitabu vya Ulaya. Kuanzia mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Asidi imepungua. Mimi bado namwaga kwenye 5,000, kwa sababu vumbi la Chunya, milima na masizi havikupunguzwa na mtu.

Mabadiliko makubwa kuliko yote yalikuja na Hilux ya mwaka 2005, ile tuliyoiita Vigo, yenye injini ya D-4D. Wafanyabiashara wa mbao wa Mafinga na wa viazi wa Uporoto waliipenda kwa nguvu zake. Baadhi yao waliichukulia kama dada mdogo wa 2L, wakaendelea na namba 40. Lakini injini hii ina turbo, na shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya utando mwembamba wa oili, na hakuna kingine kinachoishikilia. Oili nzito ikichelewa kuifikia asubuhi moja ya Julai, turbo haifi siku hiyo. Inakufa kidogo kidogo, kisha siku moja inapiga filimbi, moshi wa bluu unatoka, na mwenye gari anasema ameuziwa gari bovu. Na wengine huua turbo kwa namna nyingine kabisa: wanafika juu ya Kitonga wakiwa wamelipandisha kwa nguvu zote, wanasimama kununua nyanya Ilula, wanazima papo hapo. Oili iliyobaki ndani ya turbo inaungua na kuwa makaa. Acha injini ingurume dakika moja au mbili ndipo uzime. Nyanya haziondoki.

Kwa gari la namna hii kitabu chake huruhusu uzito tofauti kwa hali ya hewa tofauti, na mara nyingi 5W-30 au 10W-30 zimo. Wazee wakiona 30 wanashika kichwa. Sishangai. Waliolelewa kwenye uhaba huamini kwamba kizito ndicho chenye faida. Lakini vyuma vya injini mpya vimekaribiana, oili nzito haipenyi vizuri. Na kama Hilux yako ni ya 2015 kuja huku na ina kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi, inataka oili yenye majivu kidogo, la sivyo kichujio kitaziba. Fungua kitabu. Kikiwa kwa Kijapani, tafuta mtu akutafutie cha Kiingereza cha injini hiyo hiyo.

Oili nzito ina kazi moja bado, na si nzuri. Ukienda kununua pikapu ya mkononi na kuikuta kimya, haina moshi, chomoa kijiti injini ikiwa ya baridi. Oili ikining'inia bila kudondoka, muuzaji ameziba ringi zilizokwisha kwa namba 50. Mwambie unataka kuiwasha alfajiri ya kesho, bila yeye kuigusa.

Oili tunayoimwaga haipotei. Mafinga inapakwa kwenye mbao na nguzo kuzuia mchwa, na hiyo ni heri. Mbeya nimeiona ikimwagwa kwenye mitaro nyuma ya gereji, wakati milima ya Uporoto ni moja ya vyanzo vya Mto Ruaha Mkuu unaonywesha Usangu na kujaza Mtera. Nyingine inachujwa kwa kitambaa, inatiwa kwenye dumu la kampuni inayojulikana, kifuniko kinabandikwa upya, na inarudi dukani kwa bei ya punguzo. Tume ya Ushindani hukamata bidhaa bandia, lakini haiwezi kusimama kila duka la Mwanjelwa na Ipogolo. Nunua kwa wakala anayekupa risiti, angalia tarehe na namba ya toleo kwenye chupa, na bei ikiwa chini mno kuliko maduka mengine, ondoka. Siku ya kumwaga simama pale pale gereji mpaka fundi amalize, kisha chukua msumari ulitoboe dumu tupu kabla hujaliacha.