Kilwa Kisiwani Ilivyonibakiza Nyumbani

Mimi ni fundi mwashi wa wilaya ya Kilwa. Ushuhuda huu nautoa kwa ajili ya vijana wa pwani ya kusini, hasa wale wanaoshinda wakipiga hesabu ya nauli ya Dar es Salaam kama nilivyokuwa nikipiga mimi. Kazi niliyoifanya kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani ilinigeuza. Ilibadili namna yangu ya kujenga, ikabadili mipango ya maisha yangu, na ikanionesha kuwa mji ule mkongwe, ambao kwetu ulihesabiwa kuwa wa wageni, ulisimamishwa na watu wa kazi kama mimi.

Nilikulia Kilwa Masoko, ng'ambo tu ya kisiwa. Magofu tuliyaona kila siku, na kwa kuwa tuliyaona kila siku hatukuyaangalia. Yalikuwa mambo ya watalii. Ukiuliza nani aliyajenga, jibu lilikuwa tayari: Washirazi. Wengine walisema Waarabu, wengine Wareno, na wapo waliosema majini, maana nani mwingine angejenga kuta nene namna ile bila simenti? Shuleni tulifundishwa kwamba Kilwa ilitawala biashara ya dhahabu ya Sofala, tukajibu mtihani, tukaendelea na mengine. Nilipomaliza shule nikajifunza uashi kwa baba mdogo. Nilianza kama saidia fundi, nikachanganya zege, nikafyatua matofali, hatimaye nikakabidhiwa mwiko na timazi. Nia yangu ilikuwa moja tu: nikishaiva, niende Dar kwenye maghorofa.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yameandikwa kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Mwaka 2004 UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Hatari hiyo sisi wenyeji tulikuwa tunaiona kwa macho. Mawimbi yalikuwa yanakula ufukwe na kuangusha kuta zilizo karibu na maji, mizizi ya miti ilikuwa inapasua mawe, na mvua za masika zilikuwa zinashuka ndani ya kuta zisizo na paa. Ukarabati uliposhika kasi, walihitajika waashi wa hapa hapa. Nilikwenda kwa ajili ya ujira, sina sababu nyingine ya kuisema.

Siku za mwanzo tuliambiwa tuweke simenti pembeni, na kwangu mimi agizo hilo lilikuwa geni kabisa. Mzee aliyetuongoza, fundi wa chokaa tangu ujana wake, alitueleza kwa utulivu. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunywa maji ya mvua na unyevu wa bahari, kisha huyatoa jua likiwaka. Chokaa huyapitisha. Simenti huyafungia ndani pamoja na chumvi yake, na chumvi ikishakauka humomonyoa jiwe kutoka ndani, huku lipu ya juu ikionekana nzima. Ndiyo maana kiraka cha simenti kwenye ukuta wa kale hung'ang'ania chenyewe na kuuacha ukuta ukigeuka vumbi nyuma yake.

Basi tukaanza upya. Tulijifunza kupanga tanuri la magogo na kulipakia mawe ya matumbawe, kuyachoma hadi yawe meupe na mepesi, kuyazima kwa maji, kisha kuiacha chokaa ilale muda mrefu kabla ya kuichanganya na mchanga uliochekechwa. Mimi nilizoea zege linalokauka kesho yake, kwa hiyo kusubiri kulinichosha. Mzee akaniambia, "Mwanangu, chokaa haikimbizwi. Waliojenga hapa hawakuwa wanajenga ya msimu mmoja."

Tangu hapo nikaanza kuzitazama kuta kwa jicho la fundi. Kuta zenyewe ni za mawe magumu ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu. Fremu za milango, mihrabu na nakshi ni za tumbawe laini lililokatwa baharini likiwa bado bichi, likachongwa kabla halijakauka na kuwa gumu. Kwenye nyumba za kale za mawe, upana wa chumba mara nyingi haufiki mita tatu, kwa sababu dari zito la mawe na chokaa lilibebwa na boriti za mikandaa, na boriti hizo zina kikomo. Kumbe aliyepima chumba kile alikuwa ameanza kwa kuupima mti wa mkandaa! Mikandaa hiyo hiyo imeota hadi leo kwenye maji yetu, na jiwe ni lile lile tunalokanyaga.

Msikiti Mkuu ndio ulionifunza zaidi. Sehemu ya kaskazini, iliyo ndogo, ni ya karne ya 11 au ya 12. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliupanua sana upande wa kusini, kwa mapaa ya matao na kuba. Nguzo za upanuzi ule zilichongwa kila moja kwa jiwe zima la tumbawe, lakini hazikudumu. Karne ya 15 mafundi wengine walijenga upya, safari hii kwa nguzo za pembe nane zilizojengwa kwa mawe na chokaa, na hizo ndizo zinazosimama leo. Nilipoelezwa hayo nikiwa nimeshika mwiko chini ya kuba, niliduwaa. Hapa palikuwa na watu waliojaribu, wakaona paa limewashinda, wakakaa chini kufikiri, wakaja na njia bora. Majini hayakosei hesabu ya nguzo. Huo ni ufundi wa binadamu, na niliutambua kwa kuwa ndio kazi yangu.

Nikaanza kuuliza maswali ambayo shuleni sikuyauliza. Tarikh ya Kilwa inasimulia kwamba Ali bin al-Hasan alikuja kutoka Shirazi, Uajemi, akakinunua kisiwa kwa nguo zilizotosha kukizunguka. Hadithi hiyo ina hata mwenye kisiwa: kabla ya meli kufika, palikuwa na mtawala wa Kiafrika wa kuuza na watu wa kukaa. Mwanaakiolojia Mwingereza Neville Chittick, aliyechimba kisiwani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alikuta chini ya mji wa mawe mabaki ya mji mwingine: nyumba za miti na udongo, vyungu vya kienyeji, dalili za ufuaji wa chuma, za karne ya 9 hivi. Mwaka 2023 ukatoka utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani pwani na bara jirani, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo. Ulionesha kuwa kuanzia takriban mwaka 1000 wanaume kutoka Uajemi walichanganya damu na wanawake wa Kiafrika wa hapa. Hivyo Washirazi si uongo. Lakini waliukuta mji wenye wenyewe, wakaoa humo, na watoto wao wakawa Waswahili.

Jambo hilo lilinigusa kuliko nilivyotarajia. Mimi ni mtu wa Kilwa kwa baba na mama, na nyumba ya bibi yangu ilikuwa ya miti na udongo. Nilikuwa nimezoea kuitazama kama dalili ya kwamba hatukuwa na kitu. Sasa nilijua kuwa nyumba ya namna ile ndiyo iliyouanzisha mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 akauhesabu miongoni mwa miji mizuri kabisa. Sultani wa zama hizo ni yule yule al-Hasan bin Sulaiman, aliyesifiwa kwa ukarimu. Jumba lake, Husuni Kubwa, liko juu ya jabali likitazama bahari, na lina vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane. Sarafu yenye jina lake imeokotwa mbali sana, kwenye magofu ya Great Zimbabwe. Na jumba lile halikumalizika. Ukipita humo ukiwa fundi unaona mahali kazi iliposimama.

Ushuhuda wa kweli hauchagui yaliyo matamu peke yake. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco d'Almeida waliuteka mji, wakajenga ngome. Miaka saba baadaye waliondoka, na utajiri wa dhahabu haukurudi kama zamani. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia sahihi mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Karne ya 19 biashara hiyo ilihamia Kilwa Kivinje, na maelfu ya watu waliotembezwa kwa miguu kutoka pande za Ziwa Nyasa walipakiwa majahazini pale. Mimi siwezi kuwasifu waashi wa Msikiti Mkuu huku nikiwanyamazia watu waliopita kwetu wakiwa wamefungwa minyororo. Hawa wote ni historia yetu, na watoto wangu nawafundisha yote mawili.

Mwaka 2014 magofu yetu yaliondolewa kwenye orodha ya hatari. Kuta zilikuwa zimetiwa nguvu, ufukwe umekingwa na mikandaa imepandwa kupunguza makali ya mawimbi. Nilifurahi kama mtu aliyepewa cheti. Lakini badiliko kubwa lilikuwa limeshatokea ndani yangu. Safari ya Dar ilikwisha bila mtu kunishauri. Leo nafanya uashi wa aina zote, maana familia inakula, na tofali la simenti lina mahali pake. Ila nikiitwa kwenye nyumba ya zamani ya mawe, naikagua kwanza, nawaeleza wenyewe kwa nini lipu yao inapukutika, kisha nachanganya chokaa. Nina vijana ninaowafundisha, na siku ya kwanza nawavusha bahari kwenda Kisiwani ili waujue ukoo wa kazi yao.

Nimekuwa pia mtu wa kuuliza habari za miji mingine mikongwe ya nchi hii. Unguja Ukuu ilikuwa bandari kabla Mji Mkongwe wa Zanzibar haujakuwapo. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 1107 kwenye ukuta wake wa kibla. Kaole, karibu na Bagamoyo, ina misikiti na makaburi ya kale ya mawe. Bara nako, Engaruka, chini ya kuta za Bonde la Ufa, wakulima walijenga kwa mawe matuta na mifereji ya kumwagilia mashamba karne nyingi kabla ya ukoloni. Tanzania haikuanza kujengwa na Wajerumani, na kijana anayelijua hilo kwa kulishika kwa mikono hasimami mbele ya watu ameinamisha kichwa.

Wazee wanaojua kuchoma na kuzima chokaa wamebaki wachache, na kila mwaka tunawazika wengine. Nawaomba walimu wa historia wa Kilwa, Lindi, Mafia na Pangani wawapeleke wanafunzi kwenye magofu wakiwa pamoja na fundi, wakaguse mawe na kuelezwa kuta zilivyosimama. Nawaomba na vijana wasingoje mradi wala mfadhili. Wawafuate wazee hao sasa. Mji uliojengwa na mafundi wa hapa utunzwe na mafundi wa hapa. Kazi ipo, na ina nafasi kwa kila atakayekubali kuanza kwa kuchekecha mchanga.