FURUKOMBE: MHESHIMIWA ZAMBIA, MWIZI MSIMBATI

Msomaji wangu, ukifika Mtwara mjini usiishie kula korosho na kurudi zako. Tafuta gari la Msimbati, vumilia vumbi na mchanga kilomita arobaini na ushee, mpaka uione bahari. Ukizidi kusini ndiyo maingilio ya Ruvuma, mto unaoanzia Matogoro kule Songea. Ng'ambo ni Msumbiji.

Nilikwenda kumwona furukombe, yule tai mla samaki. Hana haja ya kutafutwa, kelele zinamtangulia. Anatupa kichwa nyuma na kulia kama mtu anayecheka kwa dharau, na mwenzake anamjibu kutoka mkoko wa pili. Kichwa na kifua vyeupe pe, mbawa nyeusi. Jike ni mkubwa kuliko dume. Akina mama mpo hapo?

Nchi za watu huyu ni mheshimiwa. Zambia wamemweka kwenye bendera tangu 1964, na yumo kwenye nembo za taifa za Namibia na Sudan Kusini. Ukoo wake ndio usiseme: majeshi ya Roma yalibeba sanamu za tai vitani, Wagiriki walimfanya ndege wa mungu wao Zeus, na Wajerumani waliojenga lile boma la Mikindani mwaka 1895 nembo ya dola yao ilikuwa tai mweusi. Ila Kiswahili chetu hakina makuu. Mla mizoga naye tunamwita tai hivyo hivyo.

Nikampa shikamoo mzee mmoja anayeshona nyavu, nikamuuliza habari za huyo mfalme.

"Mfalme gani, mwanangu? Yule mwizi. Korongo akipata samaki, yeye anamnyang'anya."

Ni kweli kabisa, ananyang'anya. Lakini akivua mwenyewe ni fundi: anashuka toka mtini na kunyakua samaki juu juu ya maji, na nyayo zake zina vikwaruzo ili utelezi usimshinde. Samaki akizidi kilo mbili hivi haruki naye. Anamburuza, au anatua majini na kupiga kasia kwa mbawa mpaka ufukweni. Mzee aliponionyesha kwa mikono jinsi anavyopiga kasia, alikuwa anacheka, chuki sikuiona.

Uso ulibadilika nilipotaja baruti. Miaka ya 1980 na 1990 zililia sana pwani hii, zikapasua matumbawe na kuua hata vifaranga vya samaki. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, kilomita za mraba 650, ilianzishwa mwaka 2000.

"Yule anachukua mmoja," mzee akasema, "baruti inachukua na wa kesho." Akarudi kwenye nyavu zake.

Ukienda, fika alfajiri, ndipo anapolia sana. Kiingilio cha hifadhi kipo. Na bei ya mtumbwi mpatane mkiwa nchi kavu, siyo katikati ya maji.