Mota Ndogo Chini ya Ubao

Kamenu, Thika

Kwa mpwa wangu Rehema,

Nyanya yako anauliza kila Jumapili utakuja lini.

Ujumbe wako nimeupata, na picha nimeziona. Unasema maleleji yakiingia hapo Watamu upepo hufa, tiara zikabaki mchangani, nawe unataka kuutia mota ubao wako wa foili usikae bure ukingoja kaskazi. Ukaniuliza nikutafutie mota kubwa kiasi gani. Bahari siijui, lakini mota iliyozama majini ndiyo ugali wangu. Pampu za visima ninazofunga waya upya hapa Thika hukaa chini ya maji usiku na mchana. Basi jibu langu ni hili: tafuta ndogo, halafu akili yako yote uielekeze kwenye betri na kwenye chumvi.

Nguvu ya foili, yaani lile bawa lililo majini kwenye ncha ya mlingoti wa ubao, hupanda kwa mraba wa mwendo. Ukienda kasi maradufu, linanyanyua mara 4. Ndiyo maana taabu yote iko mwanzoni, tumbo la ubao likiwa bado linakokota maji. Ni kama mkokoteni wa viazi: kuuanzisha ndiyo kazi. Ukishapaa, maji yanashika bawa na mlingoti peke yake, na mota haihitaji tena nguvu ile ya kuanzia. Watu walilijua hili zamani. Enrico Forlanini, Mwitaliano, alikipaisha chombo chake kwenye Ziwa Maggiore mwaka 1906. Mwaka 1919 chombo cha Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, kilifikia kilomita 114 kwa saa huko Kanada.

Sasa piga hesabu nami. Tuseme mota inakula wati 2,000 kukunyanyua, na inachukua sekunde 15. Hapo umetumia kama wati-saa 8. Betri ya wati-saa 400 itakunyanyua zaidi ya mara 40, mradi ukishapaa unaizima na kuliachia wimbi likubebe. Ukiiacha ikanguruma kwa nguvu hiyo moja kwa moja, itakwisha kwa dakika 12. Ukitaka kuzurura nayo saa nzima, utabeba betri nzito, ubao utakuwa mzito, na ule wepesi uliokufanya uupende utakuwa umeuuza. Ununue pia rafadha ambayo mapanga yake hujikunja mota ikizimwa, la sivyo itakuvuta nyuma wimbini.

Betri yenyewe ni seli 40 za duara: 10 kwa mfululizo, 4 sambamba, volti 36. Kwa wati 2,000 mkondo unapita ampea 55, yaani kila seli inatoa kama 14. Hapo ndipo vijana wengi huchomeka. Wanavunja betri za laptopu zilizochakaa, wanachukua seli kwa bei ya kutupa. Seli hizo hazikuundwa kutoa mkondo huo. Zitapata moto, na lithiamu ikishawaka ndani ya kisanduku kilichozibwa huna la kufanya. Nunua seli mpya za mkondo mkubwa, za aina moja, na uweke fyuzi karibu kabisa na betri.

Tuje kwenye chumvi. Mota ya ubao huachwa wazi, maji yanapita katikati yake na kuipoza. Waya wa shaba ukipakwa vanishi vizuri na kufunikwa epoksi, hauna neno. Kinachokufa ni beringi na sumaku. Pampu ya kisima ikinijia imekwama, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuuzungusha mhimili kwa vidole. Ukikwaruza, beringi imekula kutu, hata kama mota bado inazunguka. Nawe fanya hivyo kila jioni, baada ya kuiosha kwa maji baridi ya mfereji na kuizungusha ikauke. Tena, skrubu za chuma cha pua zikikaa ndani ya alumini ya mlingoti, bahari huila alumini polepole. Paka grisi kabla ya kuzikaza.

Rimoti usiichukulie mzaha. Mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4 humezwa na maji kwa kina kidogo tu. Ukianguka na mkono ukazama, ishara inakatika, na mota lazima izime hapo hapo. Ijaribu nyumbani: zungusha mota taratibu, kisha zamisha rimoti kwenye beseni. Isipozima, ubao usiguse bahari. Rafadha nayo iwe ndani ya pete ya kuikinga, kwa ajili ya miguu yako na ya wanafunzi wako.

Na kasa je? Hapo ulipo ni hifadhi ya bahari tangu 1968, nao huibuka kuvuta pumzi. Waulize watu wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) kwanza mota inaruhusiwa wapi. Bamvua nayo unaijua kunishinda: maji yakitoka yote, mlingoti wa sentimita 80 utaupata mwamba kabla macho yako hayajauona.

Nipimie unene na upana wa mlingoti, unitumie kwa simu. Pete ya kushikia mota nitaichonga kwa alumini hapa kwa jirani mwenye mashine ya kukereza, na epoksi nitaimimina mwenyewe. Betri nitakuletea kwa barabara, kwa kuwa betri ya ukubwa huo hairuhusiwi kwenye ndege ya abiria. Hela za seli ni zako. Kazi ya mikono ni yangu, na malipo yake ni uje Krismasi umwone nyanya yako.

Wako,
Mjomba