Kupima Saa Zetu

Mwaka jana sisi vijana wawili wa parokia tulifanya mtihani wa GMAT, unaokubaliwa na shule nyingi kubwa za biashara. Hatukupata alama za kutosha. Je, tulikosa akili? Hapana, tulikosa utaratibu. Umeme ukiwako tulisoma usiku kucha. Kisha wiki nzima hatukugusa kitabu. Na feza za mtihani zilikuwa jasho la mama zetu sokoni. Hilo ndilo lililotuumiza.

Mtihani huo una sehemu 3: hesabu, kusoma na kufikiri, na kuchungua habari za tarakimu. Kila sehemu dakika 45, si zaidi. Basi, sasa kila alfajiri tunasoma saa moja mbele ya kazi. Siku ya posho tunajipima, saa ikiwa mezani, na kila kosa tunaliandika katika daftari. Siku ya Mungu ni ya Misa na mapumziko.

Mtakatifu Benedikto naye aliwagawia wamonaki wake saa za sala, za kazi na za kusoma.

Ndugu kijana, usimwombe Mungu akuongezee akili, nawe unatupa saa alizokwisha kukupa.